Watoto wa Mama na Pesa za Wazee

Jumatano, tarehe sita Agosti. Manyunyu tangu alfajiri, yale ambayo hayakulowanishi vya kutosha utafute pa kujikinga lakini hayakuachi mpaka blanketi linashika unyevu. Baridi ilikuwa kali. Niliamka na woga. Niliwapikia wasichana wangu chai, wakanywa, na yangu ikanishinda.

Ilikuwa siku ya baraza la pesa za wazee kule Kibera, na jina la mama lilikuwa lisomwe.

Mimi naishi Kawangware na hao wasichana wangu wawili. Mama anaishi Mashimoni, ndani kabisa ya Kibera, kwenye chumba ambacho amekikodi tangu sisi tukiwa watoto. Pesa za wazee ni zile serikali inawatumia watu waliopita miaka sabini ambao hawana kitu na hawana mtu wa kuwashika mkono. Huzipati kwa kuomba tu. Kwanza mtu anakuja nyumbani kuuliza maswali. Halafu majina yanapelekwa kwa baraza la chifu, yanasomwa kwa sauti, na majirani wanaulizwa wewe ukiwa umekaa hapo hapo kama kweli huna. Wakikataa unatolewa. Wakikubali jina linapanda juu, na huko juu nako wana maamuzi yao.

Nikifikiria naona ni njia ya haki, maana jirani anajua nani amelala njaa kuliko mtu wa ofisini. Tena nikifikiria naona ni vibaya mtu mzima wa umri wa mama kukalishwa kwenye benchi akingoja watu waseme kama shida zake zinatosha. Nimezunguka na hayo mawazo mawili mpaka leo na bado sijui lipi lina uzito.

Nieleze kilichokuwa kikiniogopesha.

Kazi yangu ni kufua nguo kwa nyumba za watu, upande ule wa pili wa barabara kuu. Nilikuwa na nyumba mbili za kudumu. Mwaka huu moja ilihama, wakaniambia wakifika watanipigia, na sijapigiwa. Sisemi ni watu wabaya, labda kule walikoenda walipata mtu wa karibu. Lakini kodi ya vyumba viwili, changu na cha mama, nilikuwa nailipa kwa hizo nyumba mbili, na sasa kilichobaki hakitoshi. Njia rahisi ni mama kuja kukaa na sisi Kawangware. Chumba ni kidogo lakini tungebanana. Kila mtu mwenye akili angesema hivyo, na mimi nilisema hivyo.

Mama hataki. Sababu yake ni moja, na siwezi kuibishia.

Nina ndugu, anayenifuata baada ya mmoja. Asubuhi moja miaka mingi iliyopita alitoka kwa ule mlango wa mama Mashimoni, akasema anaenda Mombasa, kuna mtu amemwambia kazi ya kupakua mizigo haikosi. Alikuwa kijana tu. Wakati huo hakuna aliyekuwa na simu kati yetu. Hatukumsikia tena. Tumeuliza watu waliotoka huko, kanisa limetangaza, mama amekwenda polisi mpaka wakamzoea. Hakuna aliyemwona akiwa hai na hakuna aliyemwona akiwa amekufa. Kwa hivyo mama anasema, huyu mtoto akirudi atarudi kwa mlango anaoujua. Msimamizi wa ile ploti ya vyumba vya kukodi alipopaka milango yote rangi mpya, mama alisimama mbele ya wake na mikono kiunoni, na mlango wake ukabaki wa kijani kama zamani, rangi imebambukabambuka.

Pesa za wazee zingelipa hicho chumba. Si zaidi ya hapo. Mama angebaki kwa mlango wake, na mimi ningelala.

Sasa nirudi nyuma kidogo, siku ile msichana wa kuandikisha alipokuja nyumbani kwa mama. Nilikuwapo, sikuwa na kibarua siku hiyo. Alikuwa mpole, na ni haki niseme hivyo. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama alimkalisha kitandani kwenye ile shuka nzuri, akamwekea chai kwenye kikombe cha wageni. Yule msichana alikuwa na tableti, akawa anasoma maswali mle, mama anajibu. Ukuta ni wa nini. Maji unatoa wapi. Jana ulikula mara ngapi. Mama alijibu yote sawasawa bila kuongeza wala kupunguza, nami nikaanza kutulia.

Kisha akauliza, akimwita nyanya, "Shosho, uko na watoto wangapi?"

Mama akasema, "Saba."

Hapo nikajua tumepotea.

Mama alizaa saba, hiyo ni kweli. Wa kwanza dada yetu, aliyefariki akiwa mtu mzima. Wawili wa kumfuata walikufa wadogo sana kwetu magharibi, wamezikwa nyuma ya nyumba ya nyanya. Wa nne ni mimi. Wa tano ndugu yangu mwingine, aliyefariki karibu wakati mmoja na dada. Wa sita ndiye huyo wa Mombasa. Na kitinda mimba alizaliwa hapa Kibera, akaishi wiki chache. Lakini ukimwuliza mama, au mwanamke yeyote wa umri wake kutoka kwetu, ana watoto wangapi, atakwambia hesabu ya waliotoka tumboni mwake. Hapunguzi. Mama huwa anasema aliwazaa saba na hakuna hata mmoja aliyerudi tumboni. Kwao, mama anayehesabu waliobaki tu ni kama amewafukuza wengine nyumbani. Mimi nimelelewa ndani ya hiyo hesabu. Shuleni nilikuwa nikiulizwa tuko wangapi nasema saba, na hakuna mtu kwetu angeniona mwongo.

Yule msichana hakutoka kwetu. Akauliza wa mwisho alizaliwa lini. Mama akataja mwaka, maana anaukumbuka kuliko anavyoukumbuka wake mwenyewe. Msichana akapiga hesabu kichwani akasema, basi wote ni watu wazima.  Mama akaangalia kikombe cha mgeni, akauliza kama aongeze chai.

Nilifungua mdomo. Mama akanitazama. Sio jicho la hasira. Lilikuwa jicho la mtu aliyebeba maji kichwani anayekuomba usimguse. Nikanyamaza mpaka mgeni alipotoka, kisha nikamfuata nje, nikamkuta anaruka mtaro karibu na kibanda cha maji. Nikamweleza. Alisikitika kabisa, nikaona uso wake. Akasema ameshatuma, mfumo umejifunga, hauwezi kufunguliwa mpaka siku ya baraza. Siku hiyo kuna nafasi ya marekebisho, lakini ni mbele ya watu, na ni lazima mtu wa nyumba hiyo asimame aseme mwenyewe.

"Ni wewe utasema, siste," akaniambia. "Mimi siwezi kusema kwa niaba yako."

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nikifua, mikono inafanya kazi na kichwa kiko barazani. Niliogopa vitu vingi, na baadhi naona haya kuviandika. Niliogopa watu, maana sijawahi kusimama mbele ya watu kuongea hata kanisani. Niliogopa kwamba nitasema vibaya, niharibu. Lakini zaidi niliogopa mama atakuwa amekaa pale akisikia. Ana presha. Kuna maneno ambayo kwa maisha yetu yote hatujawahi kuyasema katika nyumba ile. Hata siku za mazishi tulisema amelala, amepumzika, ametangulia. Mimi nilikuwa niende kuyataja moja moja kama mtu anayeanika nguo za ndani kwa kamba ya barabarani.

Nilimwomba mama asije. Nilimwambia baridi ni kali, akae kwa jiko, mimi nitamwakilisha. Alisema jina litakaloitwa ni lake na masikio ni yake.

Kwa hivyo asubuhi hiyo ya Jumatano nilitembea kutoka Kawangware, nikashika Barabara ya Naivasha mpaka Ngong Road, nikakatiza soko la Toi kwenye mitumba, nikapita Makina ambapo watu walikuwa wakifungua maduka, nikateremka Mashimoni. Nilimkuta mama amevaa, amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kitambaa cha kanisa kichwani. Tulikwenda polepole, akiwa amenishika kiwiko, fimbo yake mkono wa pili. Njia ilikuwa matope. 

Baraza lilikuwa kwenye uwanja mdogo upande wa Sarang'ombe. Walikuwa wamefunga turubai kwenye nguzo, wazee wamewekewa mabenchi mbele, sisi wengine tumesimama. Chifu alikuwa na meza. Yule msichana alikuwa kando yake na tableti yake, akanipungia mkono.

Kabla hawajaanza, mzee wa mtaa alinivuta pembeni. Huyu ndiye anayemsaidia chifu kwa mambo ya upande wetu wa Mashimoni. Watu wanasema mengi juu yake, ya kupokea pokea. Mimi sijawahi kumwona akichukua kitu cha mtu, kwa hivyo siwezi kuandika kwamba anachukua. Alikuwa ameshasikia habari yetu kutoka kwa msichana, na nadhani kwa moyo wake alitaka kutusaidia.

"Ukisimama, usizunguke," akaniambia. "Sema wamekufa sita, umebaki wewe. Basi. Jina linapita."

Nikamwambia waliokufa ni watano.

"Na yule wa Mombasa?"

Nikasema hatujui.

Akanitazama kama mtu anayemwangalia mtoto akifunga kamba za viatu vibaya. "Mama, nisikilize. Hapa hakuna kitu kinaitwa hatujui. Miaka yote hiyo? Sema amekufa. Nani atakuuliza kaburi?"

Alikuwa na hoja. Na ni hapo woga wangu ulipogeuka, kwa sababu mpaka dakika hiyo nilikuwa nikifikiria wale watano tu. Sikuwa nimefikiria kwamba nitaulizwa juu ya huyu wa sita. Nilikaa na hilo neno lake kama mtu ameniwekea kaa la moto mkononi akaniambia nisilitupe.

Baraza likaanza. Jina la kwanza lilikuwa la mzee mmoja mwenye koti zuri la zamani. Kabla chifu hajamaliza kuuliza, sauti ikatoka nyuma: "Huyo ana vyumba vya kukodisha!"

Mzee akageuka na fimbo yake. "Ni vya bibi yangu."

"Basi bibi yako akupatie pesa za wazee."

Watu walicheka mpaka turubai likatingishika na maji yaliyokusanyika juu yakamwagika kwenye benchi. Hata chifu alicheka. Mzee mwenyewe alijaribu kucheka. Jina likatolewa. Alibaki ameketi pale pale, akifuta maji kwenye goti la suruali, na kicheko kilipoisha hakuwa na mtu wa kumwangalia. Sisemi alistahili. Kama ana vyumba, ana vyumba. Lakini kile kicheko kilinifanya niwaze, hivi ndivyo watakavyocheka mama akisomwa.

Akaja ajuza mmoja asiyeona. Hapo hakuna aliyesema lolote, mikono yote ikapanda juu. Wakafuata wengine, wengine wakapita, wengine la.

Kisha msichana akasoma jina la mama. Akasoma na yale yaliyoandikwa: anaishi peke yake, chumba cha kukodi, watoto saba, wote watu wazima.

Minong'ono ikaanza. Mwanamume nyuma yangu akasema, "Saba? Mimi nikiwa na saba naamka saa nne." Watu wa karibu wakacheka kidogo. Niliona shingo ya mama kule mbele. Hakugeuka.

Chifu akauliza, "Kuna mtu wa nyumba hii?"

Sikumbuki vizuri nilivyofika mbele. Nakumbuka miguu ilikuwa baridi na matope yameingia ndani ya viatu. Nakumbuka nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha na hakuna hata moja lililokuja. Nilisema mimi ni mtoto wake, wa nne. Nikasema mama alizaa saba kweli. Halafu nikasimama hapo kama nimepigwa na ganzi.

"Endelea, mama," chifu akasema, na hakusema kwa ukali.

Nikamwambia dada yetu amefariki. Wawili waliomfuata wamefariki, walikuwa wadogo. Ndugu yangu wa tano amefariki. Wa mwisho kabisa amefariki. Nilikuwa nikiyasema nikiangalia meza ya chifu, kalamu iliyokuwa juu yake, na kila nikisema "amefariki" nilisikia benchi la mbele likilia kidogo, kama mtu amehamisha uzito. Sijui kama lilikuwa la mama. Sikuthubutu kuangalia.

Chifu akauliza kama kuna jirani anayeweza kuthibitisha. Hapo akasimama mama mmoja anayeuza maharagwe, mlango wa pili kutoka kwa mama. Huyu ni mtu wa maneno machache na hajawahi kuwa rafiki yetu hasa, wala adui.

"Ni kweli," akasema. "Huyo msichana wa kwanza, siku tulimtoa kwa nyumba, mimi ndiye nilishika kichwa."

Chifu akaichukua ile kalamu akaandika.

"Lakini hata ingine niseme," akaendelea. "Huyu aliyesimama anamletea mama yake chakula. Nimemwona kila wiki na mfuko. Kuna wazee hapa hawana hata huyo mmoja. Hiyo pia muiandike."

Moyo ulinipasuka, lakini hakusema uongo. Chifu akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, naleta. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema nafua, nyumba moja, zamani mbili. Ningeweza kusema sina kazi, na sijui kwa nini sikusema. Labda kwa sababu yule mama ametoka kusema ukweli nikiwa bado nimesimama, na mimi kusema uongo papo hapo ingeonekana. Labda ni hivyo tu, wala si wema.

Msichana alikuwa akibonyeza tableti yake. Akainua uso. "Siste, nimebadilisha wale watano. Wewe nimekuweka. Kumebaki huyu wa sita."

Nikasema, huyo alienda Mombasa hatujamsikia.

"Nielewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha. "Hapa kuna mbili tu. Hai, ama amefariki. Siwezi kupita nikiacha wazi."

"Nikisema hai, itakuwaje?"

"Itaonyesha shosho yuko na watoto wawili wakubwa, mmoja mwanamume. Sijui huko juu wataamua nini. Inaweza kupita. Inaweza kukataliwa."

"Na nikisema amefariki?"

Akaangalia chini. "Inakuwa rahisi."

Mzee wa mtaa alikuwa amesimama kwa pembe ya turubai. Aliniitikia kwa kichwa polepole, kunitia moyo. Watu walikuwa wakingoja, na mvua ilikuwa imeongezeka, na wazee kwenye mabenchi walikuwa wanajikunja kwa baridi. Nikawaza hivi. Pesa hizi nazitaka ili mama abaki kwa ule mlango. Anabaki kwa ule mlango kwa sababu anamngoja huyu. Ili abaki akimngoja, ni lazima niseme amekufa. Nilijaribu kufikiria njia nyingine na sikupata. Nilijua pia kwamba ni neno tu kwenye tableti, halimuui mtu. Mtu aliyesoma zaidi yangu pengine angelisema na kuendelea na maisha yake, na singemlaumu.

Hapo ndipo niligeuka nikamwangalia mama. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Hakuwa akilia. Alikuwa akiniangalia mdomo.

"Andika hai," nikasema.

Msichana akauliza, "Una uhakika?"

"Sijamzika. Andika hai."

Mwanamume wa nyuma yangu, yule wa saa nne, akasema "Haki," kwa sauti ya chini, na sijui alimaanisha nimefanya vizuri au nimefanya ujinga. Chifu akauliza watu wainue mikono. Mingi ikainuka, si yote. Yule mama wa maharagwe aliinua wake, ingawa alichelewa kidogo, na hilo nililiheshimu. Chifu akasema jina linaendelea juu pamoja na maelezo hayo, na jibu litakuja kwa simu. Lini, hakusema. Akaita linalofuata.

Mzee wa mtaa hakuja kunisalimia tena. Sikumlaumu.

Tulirudi Mashimoni kama tulivyokuja, mama amenishika kiwiko. Niliogopa kumwongelesha. Nilisikia anavyopumua, nikawa nahesabu kichwani dawa zake za presha ziko wapi, kama alimeza asubuhi. Karibu na ploti akasimama kupumzika, akaegemea ukuta wa mabati wa kinyozi.

"Wale watano," akasema, "umewazika leo mbele ya watu. Mimi nilikuwa sijamaliza kukaa nao."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

 Mama akachukua kiwiko changu tena tukaendelea.

Ndani nilimvua viatu, nikavikung'uta matope, nikamfunika miguu. Nilitafuta cha kufanya na mikono. Nilifagia mahali palipokuwa pasafi. Simu yangu iliita mara moja, nikaruka hata kifuniko cha sufuria kikaanguka, na alikuwa tu msichana wangu mkubwa akiuliza unga uko wapi. Nikamwambia wapike, mimi nitalala kwa nyanya yao.

Mama alikuwa amelala upande akiangalia mlango. Nilidhani amesinzia, ndipo akaniuliza, "Wakikataa?"

Nilitaka kumwambia hawatakataa. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikamwambia, "Wakikataa, mama, mwisho wa mwezi sitaweza vyumba viwili."

 Nje watoto walikuwa wakigombania mtungi kwenye kibanda cha maji na mtu mzima akawafokea.

"Yule wa maharagwe," akasema, "ana kumbukumbu nzuri."

Nikasema ndiyo.

"Nitamwelekeza kwako. Nitamwonyesha sura ya ndugu yako, ile picha ya kipaimara. Akimwona hapa mlangoni amwambie Kawangware. Amwambie leo ulimwita hai."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi au barazani. Miaka yote hii mama hajawahi kusema neno la kuuacha ule mlango, hata kwa mzaha. Nilikuwa nimezoea ukaidi wake kama mtu anavyozoea ukuta nyuma ya mgongo. Sasa alikuwa ananiachia mimi. Kama huyu mtoto atapatikana, au hatapatikana, itakuwa ni kwa chumba changu, kwangu mimi niliyesimama mbele ya chifu nikasema yuko hai bila kujua. Nilijiuliza kama nilisema kwa sababu ni haki au kwa sababu mama alikuwa akinitazama mdomo. Nimejiuliza tena sasa ninapoandika. Ningependa kujua.

Nikamwuliza, "Umekasirika, mama?"

"Washa jiko," akasema. "Baridi imeingia."

Nikawasha. Makaa yalikuwa yamelowa pembeni, yakatoa moshi mwingi, ikabidi nifungue mlango, na tukakaa mlango ukiwa wazi, manyunyu yakiingia kidogo kwenye sakafu. Hakuna aliyepiga simu. Tulikula ugali na kunde zilizobaki za jana, nikazipasha na nyanya moja na chumvi. Mama alikula nusu ya chake, akanisukumia sahani nimalizie.